Kompyuta ya Tunu Inaganda

Sheria ilitaka kila kompyuta ya nyumbani igande mara isikiapo uongo. Ya Tunu iliganda kila mumewe alipopiga simu ya video kutoka ughaibuni, lakini Tunu alishikilia kuwa ni vumbi tu. Fundi Mkude akaifungua, akaipuliza, akabadilisha feni, kisha wakampigia mume ili waijaribu.

“Mke wangu, mwezi ujao narudi,” alisema, na uso wake ukaganda kwenye kioo, mdomo wazi.

Fundi akakusanya bisibisi zake bila kumtazama. “Dada, mashine hii ni nzima.”



“Mwanangu anasemaje?” mama mkwe aliuliza kwa shauku kutoka jikoni.

Tunu aliizima kompyuta kwanza, ndipo akajibu, “Anarudi mwezi ujao, mama.”