Chini ya Injini

Injini ya lori ilikwisha fungwa kwenye kamba ya katani, na Shenaz akajua zamu yake imefika.

Ndiyo desturi ya karakana ya tawi hili la chuo kikuu hapa Tanga: mwanafunzi wa shahada ya pili aliyepiga hesabu za kamba ndiye asimamaye chini mzigo ukipandishwa. Wenzake waliotangulia walitumia kamba za chuma. Mwaka huu fedha za kigeni hakuna, chuma hakipatikani hata kwa dawa, naye akashikilia kwamba katani ya mashamba yetu itabeba.

"Katani!" aliguna mtahini kutoka Dar es Salaam. "Binti, bado waweza kughairi."

"Sighairi, mwalimu."

Akaingia kwenye duara la chokaa lililochorwa sakafuni pale pa kusimama. Nyuma yake kiti kikaburutwa. Ni baba yake, muuza vitambaa wa Ngamiani, kainuka na kanzu yake nyeupe. Watu wakampisha, wakidhani anakwenda kumtoa mwanawe.

Mzee akauvuka mstari. Akaishika kamba, akazipapasa nyuzi zake kwa kidole gumba na cha shahada, kama apapasavyo kitambaa kabla ya kukisifu. Kisha akaweka kofia yake sawa, akasimama bega kwa bega na binti yake.

"Baba, toka. Hapa ni pa aliyepiga hesabu tu."

"Na aliyepiga hesabu ni wa nani?"

Akamgeukia fundi wa winchi.

"Inua, bwana."