Maboya ya Kandambili

Ndoano ya mgeni, iliyofungwa manyoya ya kuvutia samaki, ilinasa chini, karibu na mwamba, na Tereza akazima injini ya boti ya hoteli.

"Dada, kata tu uzi," mgeni alisema. "Ndoano ninazo nyingine."

Tereza alikuwa ameshaanza kuvuta. Kilichoibuka hakikuwa sangara. Ulikuwa ukingo wa wavu mkongwe, na maboya yake yalikuwa vipande vya kandambili.

Kila mvuvi hapa hukata za nyumbani kwake. Hizi nyekundu zilikuwa za Tereza mwenyewe, zimelika kisigino upande mmoja kwa sababu ya mguu wake mbovu. Mwaka jana mumewe alizikata bila kumwuliza. Waligombana, akaingia ziwani jioni ile ile, hakurudi.

Watu walisema yuko Nansio kwa mwanamke mwingine. Tereza naye alisema hivyo, hata mbele ya mama mkwe. Nguo za mumewe alishazigawa.

"Wavu wa nani?" mgeni aliuliza.

"Wa mume wangu."

"Basi mwite aje auchukue."

Tereza aliizungusha kamba ya wavu mkononi, akavuta tena. Kule chini kitu kizito kilisita, kisha kikaanza kuja.