Mstari wa Macho

Fundi hakuwa mtu wa kutoboa ukuta kabla hajapima macho. Alimkalisha mzee mwenye nyumba kwenye kiti chake cha siku zote, akavuta futi kutoka sakafuni hadi usawa wa macho yake, kisha akachora mstari wa penseli ukutani.

"Katikati ya televisheni itakuwa hapa, mzee. Shingo haitakuuma."

"Na zile taa za nyuma ya televisheni? Nataka nizibadilishe rangi kwa simu, nimekaa hapahapa."

"Zitakutii bila kuinuka."

Drili ilikuwa tayari mkononi alipomkumbuka mke wa mzee. "Na wewe mama, hebu kaa pale unapokaa kila siku, nikupime."

Mama aliitazama sebule kama ya jirani. Kisha akaenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi, akaegemeza bega kwenye fremu. Rangi ilikuwa imechubuka hapo, mahali pa bega moja tu.

"Mimi natazamia hapa," alisema. "Chakula kisiungue."

Mzee alicheka. Halafu akauona ule mchubuko, na kicheko kikamkauka. Aliinuka, akamsogeza mkewe taratibu, akaweka bega lake palepale na kutazama.

"Mbona kabati linaziba nusu?"

"Sauti naipata yote," mama alijibu.

Mzee alikichukua kitambaa mkononi mwa mkewe, akaenda ukutani, akaufuta ule mstari wa macho yake.