Goti la Korongo

Zamani ndege walipokuwa watunga sheria, Korongo alipiga marufuku kujenga kitu chochote kinachopita goti lake karibu na uwanja wa kutua. "Tukishuka hatutaki kugongagonga," alisema, akakibomoa kichuguu cha Mama Mchwa kwa mdomo wake mrefu.

Mama Mchwa hakulia. "Na wanangu walale wapi, mzee?"

"Walale chini. Juu ni kwetu."

"Na kiota chako kule kwenye mti mkavu, mbele ya uwanja?"

"Kiota cha mkubwa si jengo!"

"Haya, mzee. Nimesikia."

Mama Mchwa hakuwa mtu wa kubishana. Aliwakusanya wanawe, akawashusha chini kama walivyoamriwa, penye mizizi ya ule mti mkavu. Huko wakala, wakashiba, wakanenepa. Upepo wa kwanza wa masika ulipovuma, mti ukalala, na kiota kikafika chini pu!

Korongo akaja mbio, anafoka. Mama Mchwa akatoka taratibu, akakitazama kiota, akalitazama na goti.

"Sasa hakipiti, mzee," alisema. "Unaweza kuhamia."