Pipa la Nyumba Namba Tisa

Siku hizo, pale chuoni, taka haikukosa mwenyewe. Kila nyumba ya mhadhiri ilikuwa na pipa lake, na pipa lilijua mswaki una mate ya nani na ndizi imemenywa na vidole vya nani. Wengine walilinung'unikia. Mwalimu Nyamizi wa namba tisa alilipenda, kwani kwa miaka sita hakuwahi kuchanganya plastiki na karatasi wala karatasi na maganda, na pipa lilimsifu majirani wakisikia.

Asubuhi hiyo alitupa taka za wiki kwa madaha.

"Hongera, Mwalimu," pipa likasema. "Hakuna kosa. Nyumba ya mtu mmoja."

"Tuko wawili, mimi na mume wangu Machibya," Nyamizi akacheka. "Hebu pima tena."

Likapima. "Taka za Machibya zinatupwa namba kumi na nne. Naye hakosei."

Mashine nazo huchakaa, Nyamizi alijiambia, akarudi ndani kifua mbele. Machibya alikuwa mezani, anamalizia chungwa. Alimtabasamia mkewe, akakusanya maganda yote kwenye leso, akayatia mfukoni.