Panya wa Mgonjwa Mmoja

Uvimbe ulikuwa umerudi. Kamanthe aliupapasa ubavuni mwa panya aliyemshika, akaupima, kisha akapima wa kila panya aliyebaki kizimbani. Hakuna aliyesalimika.

"Na ulikuwa umeyeyuka," alisema Daktari Munyao, mkuu wa maabara hiyo iliyo pembezoni mwa mji wa Machakos.

Panya hao walizaliwa bila kinga ya mwili. Walipandikizwa kipande cha saratani ya mgonjwa mmoja, wakawekewa seli za kinga kutoka damu yake mwenyewe, kisha wakadungwa dawa ya kuzichochea. Ilikuwa njia ya kumjaribia dawa kabla haijaingia mwilini mwake. Mwanzoni kinga iliushambulia uvimbe hadi ukakaribia kwisha. Kumbe iliua seli zilizoonekana tu. Zile zilizojua kujificha zilibaki, zikazaana, na sasa hakuna kilichozigusa.

"Na kwa mgonjwa itakuwa vivyo hivyo," Munyao alisema. "Na hatuna dawa nyingine ya kumjaribia. Nani atamwambia?"

"Mimi. Sampuli niliileta mimi."

"Unamjua?"

"Namjua."

Munyao alivua glavu, akatoka. Kamanthe alimrudisha panya kizimbani, akaketi. Simu ikalia. Ni mamake, Kalondu, aliyekuwa nyumbani Ekalakala. Kila mara jumuiya yao ya kanisani ilipokutana, Kalondu na wanawake wenzake waliwaombea panya wa Kamanthe. Padri aliposikia alicheka, kisha naye akawaombea.

"Panya wanaendeleaje?"

"Si vizuri, Mwaitu," alijibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Uvimbe umerudi."

Kuku walisikika wakiparura karibu na Kalondu.

"Na sisi tulikuwa tumeshashukuru," alisema. "Huyo mgonjwa ni mzee?"

"Hapana. Ni mtu wa rika langu."

"Woi. Ako na watoto?"

"Hana."

"Afadhali." Kalondu alishusha pumzi. "Na wewe utakuja lini? Tangu Pasaka hujakanyaga hapa. Kila nikiuliza, ni kazi."

"Nitakuja Jumamosi."

"Utasema hivyo halafu usitokee." Sauti yake ikalainika. "Sikia, Kamanthe. Habari kama hiyo mtu haambiwi akiwa peke yake. Lazima awe na mtu wake wa kumshika. Huyo mgonjwa ako na mama?"

Kamanthe aliwatazama panya kizimbani.

"Ako naye," Kamanthe alisema. "Ndiye naongea naye."