Kupa Ziwa Mugongo

"Mama, wapi hapa Nchelenge mutu anaweza kuangalia kitu kizuri bila kulipa?"

Alikuwa binti wa Lubumbashi, amekuja mu konje ya masomo, viatu mukononi. Alisema jina lake ni Cadette.

Wamama wenzangu, wenye tunaanika nao chisense, samaki wadogo wa ziwa, pa muchanga, walicheka sana. "Unamuuliza huyu? Miaka munane anaanika samaki akipa ziwa mugongo, utasema ni mukwe wake wa kuogopa!"

Ni kweli. Ziwa lilichukua bwana yangu na mutumbwi wake, halikurudisha hata kofia. Nikienda kuchota maji, naangalia ndoo tu. Katika sala namushukuru Mungu kwa vyote alivyoumba, lakini ziwa naliruka.

Cadette hakujua hayo. Alichutama mbele yangu, akitazama ziwa juu ya bega langu.

"Kumbe ni hapa," akasema polepole. "Mama, na hii yote ni bure?"

Niliona ziwa dogo ndani ya macho yake, linatingishika na jua. Halikuwa na hasira hata kidogo.

Magamba ya chisense yalikuwa yameshika vidole vyangu. Nikayapangusa kwa kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Ni bure, mwanangu. Ni ya Mungu."

Nikaegemea bega la Cadette, nikasimama, nikageukia ziwa.